Maji ya Mvua Hupigiwa Hesabu Kabla Hayajafika

Mvua ikinyesha hapa Kalangalala tunasikia mabati yanalia tu. Lakini ni maji kiasi gani? Tupige hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 6 ni mita za mraba 60. Mvua ikifika milimita 50, paa hilo peke yake linamwaga lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200. Sasa hesabuni mapaa ya mtaa mzima!

Miji ya zamani kama London ina mabomba yanayobeba maji ya vyoo na ya mvua pamoja. Ndani ya chemba hujengwa ukuta mfupi. Siku za kiangazi maji machafu hayaufikii ukingo wake, yanaendelea hadi yanakosafishwa. Mvua kubwa ikija, maji hupanda, huruka ukuta na kumwagikia mtoni. Ukuta ukiwa mfupi mno, mto unapata kinyesi hata kwa manyunyu. Ukiwa mrefu mno, kinyesi kinarudi majumbani. Nani atabomoa saruji kila mara ili ajaribu urefu mwingine?

Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Haioni maji, jamani. Inafanya hesabu kama ile yetu ya paa, ila mara maelfu. Wataalamu huipa upana wa bomba, mteremko wake, kiasi cha mvua na urefu wa ukuta. Yenyewe hujibu: chemba ipi itafurika, lini, na kwa maji kiasi gani. Programu moja ya kazi hii, SWMM, ilitungwa Marekani mwaka 1971, na hutolewa bure.

Ila ukiipa vipimo vya uongo, itakujibu uongo. Huko Dar es Salaam mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40. Mwaka 2015 ikaanza kazi ya Ramani Huria: wanafunzi wa vyuo vikuu na wenyeji walipita mitaani kwa miguu wakiandika mitaro na majengo. Picha ya angani haionyeshi kalavati lililozibwa na taka. Mwenyeji analijua.

Kwetu wengi tunatumia vyoo vya shimo. Mtaro ukifurika, maji huingia shimoni na kutoka na kinyesi, na kipindupindu hupita humo humo. Basi mhandisi akija na futi kamba, mwonyesheni alama ukutani maji yalipofikia, na mtajieni mwezi na mwaka. Alama hiyo ndiyo atakayoilinganisha na jibu la kompyuta.