Toleo Sahihi la Lugha ya Programu Hulinda Hesabu za Mfanyabiashara

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Katika maduka ya mitaa ya Kongo na Msimbazi, eneo la Kariakoo jijini Dar es Salaam, kompyuta inazidi kuchukua nafasi ya daftari la mauzo. Mtaalamu mmoja anaweza kuwahudumia wafanyabiashara kadhaa, kila mmoja akiwa na programu ya stoo na ankara iliyoandikwa kwa toleo tofauti la lugha ya programu. Matoleo hayo yakichanganywa, hesabu za duka zinaweza kuharibika bila kompyuta kutoa onyo lolote.

Lugha ya Python inatoa mfano ulio wazi. Toleo lake la 2 linapogawanya namba nzima kwa namba nzima huondoa sehemu ya desimali, ilhali toleo la 3, lililotolewa Desemba 2008, huibakiza. Programu inayokokotoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 inaweza kuanza kwa kugawanya 18 kwa 100. Toleo la 3 hupata 0.18, hivyo kwa bidhaa ya shilingi 50,000 kodi huwa shilingi 9,000. Toleo la 2 hupata 0, na kodi nzima hutoweka kwenye ankara, ingawa maandishi ya programu ni yaleyale.

Aidha, toleo la 2 lilifikia ukomo wa kuhudumiwa na watengenezaji wake tarehe 1 Januari, 2020. Kasoro za kiusalama zinazogundulika tangu hapo hazirekebishwi nao.

Ili kuepuka mkanganyiko huo, mtaalamu anashauriwa kuweka kazi ya kila mteja katika folda yake. Ndani ya folda hiyo hutengenezwa mazingira yanayojitegemea, yenye toleo moja la Python na vifurushi vya mteja huyo pekee. Uwezo huo umo ndani ya Python yenyewe tangu toleo la 3.3.

Hatua inayofuata ni kukielekeza kihariri cha programu kwenye mazingira hayo. Katika Visual Studio Code, mtumiaji hufungua folda ya mteja na kuchagua toleo linalohusika. Baada ya hapo, faili la Python linapofunguliwa, toleo lililochaguliwa huonekana kwenye mstari wa chini wa dirisha. Mipangilio ya mradi huhifadhiwa katika folda ndogo iitwayo .vscode, hivyo mabadiliko ya mradi mmoja hayaugusi mwingine.

Hata hivyo, uchaguzi huo unahusu kompyuta ya mtaalamu pekee. Kompyuta ya dukani nayo inapaswa kuwa na toleo lilelile, na programu ijaribiwe hapo kwa ankara ambayo jibu lake limekwisha kukokotolewa kwa mkono.

Kwa upande wake, mfanyabiashara anapopokea programu anapaswa kudai maelezo ya maandishi yanayotaja lugha iliyotumika, toleo lake na ukomo wa kuhudumiwa kwake. Maelezo hayo yatamsaidia hata akibadilisha mtaalamu, kwa kuwa wajibu wa kutoza kodi kwa usahihi humwangukia mwenye biashara aliyesajiliwa, si aliyemwandikia programu.