Kambi mbili, haki moja

Wandugu wachimbaji, jioni watoto wetu wanakusanyika kwenye telefone na ordinatere, wanacheza vita, ekipe kwa ekipe. Mara ingine wameweka na franka. Wenye kushindwa wanalalamika: «Kambi yenu njo nzuri!» Tusiwacheke. Pengine wako na haki.

Kusawazisha kambi kuko na njia mbili. Ya kwanza, kambi zinafanana. Katika Halo, mchezo wa mwaka 2001, uwanja wa Blood Gulch uko na kambi mbili za namna moja, kila moja upande wake wa bonde. Kambi haimpendelei mtu.

Ya pili, kambi hazifanani, lakini watu wanabadilishana. Katika Counter-Strike, uwanja wa Dust II, ekipe moja inatega bomu, ingine inalinda. Kazi si sawa. Kwa hiyo, katika mashindano ya Counter-Strike 2, raundi 12 zikiisha, pande zinageuka. Wa kwanza kufikisha 13 njo anashinda. Sisi wa posti ya usiku tunaelewa: usiku ni mzito, lakini kila ekipe ikipita mule kwa zamu, hakuna mwenye kuonewa.

Tena umbali unapimwa kwa sekunde, si kwa macho: toka kambini mpaka mahali pa kugombania, nani anafika wa kwanza?

Basi, wazazi, watoto wakigombana, waambieni wageuze pande na kuhesabu tena. Upande mmoja ukishinda kila mara, hata wachezaji wakigeuka, kosa ni la uwanja, si la mtoto.