Vijana wa Cibitoke na Kamenge walivyojifunza kuaminiana tena

Je, watu wasioaminiana wanawezaje kufanya kazi pamoja? Jibu moja lipo kaskazini mwa Bujumbura, ambako mitaa kama Cibitoke, Kamenge na Ngagara iligawanyika kikabila wakati wa vita vilivyozuka mwaka 1993.

Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Wakatoliki, hakikutegemea mahubiri pekee. Kiliwakutanisha vijana Wahutu na Watutsi uwanjani, maktabani na katika kazi ya kufyatua matofali. Mwaka 2002 kilitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood.

Kwa viongozi wa makanisa na ofisi, funzo ni bayana: wito wa umoja hautoshi. Imani hujengeka pale kila mmoja anapomwona mwenzake akitimiza sehemu yake ya kazi.