Kwa nini kitufe cha "Tuma" hujifunga, na tunavyokijaribu kabla hakijakufikia

Umebonyeza "Tuma", halafu kitufe kikageuka kijivu na kukataa kubonyezwa tena. Mtandao uko chini, fundi anangoja pesa zake, na wewe unajiuliza kama simu imekwama. Haijakwama. Kitufe kimejifunga makusudi. Kisipojifunga, ile 2,000 ya fundi inaweza kwenda mara mbili, na unajua vile huwa ukianza kumwomba mtu akurudishie pesa.

Hebu tueleze. Skrini unayoiona imeundwa kwa vipande vidogo: kipande cha salio, kipande cha kuandika kiasi, kitufe cha kutuma, orodha ya miamala. Kila kimoja kimeandikwa peke yake, lakini vyote husoma daftari moja lililo ndani ya programu, kama wahudumu wa duka wanaotumia daftari moja la madeni. Ukituma pesa, daftarini panaandikwa kwamba kuna muamala unaosubiri jibu, na papo hapo kitufe kinasoma hayo na kujifunga. Vifaa vya kutunza daftari la aina hii viko vingi. Kimoja kinachojulikana sana na waunda programu ni Redux, kilichotolewa 2015 na Dan Abramov na Andrew Clark.

Sasa, kukijaribu kitufe kama hiki si rahisi, kwa sababu peke yake hakijui chochote. Kitoe kwenye programu bila daftari na hakijui una salio gani. Kwa hivyo wahandisi wetu hukipa daftari la majaribio. Wanaandika: salio 500, hakuna muamala unaosubiri. Kisha wanaweka 700 na kubonyeza. Kitufe kikikubali, jaribio limeanguka, na toleo hilo haliendi popote. Wanachukua daftari jingine: salio 5,000, lakini kuna muamala mmoja unasubiri. Hapo pia lazima kikatae, hata kama pesa zipo. Hakuna pesa ya mtu inayoguswa. Ni tarakimu tu.

Hilo neno "jingine" ndilo lenye kazi. Kila jaribio hupewa daftari jipya. Ukirudia lile lile, jaribio la kwanza linaacha maandishi yake humo na la pili linafaulu kwa bahati: kitufe kimejifunga, ndiyo, lakini kwa sababu ya muamala wa jaribio lililopita. Badilisha mpangilio wa majaribio uone vile linaanguka. Mtego mwingine ni daftari bandia lisilo na sheria yoyote, linalojibu tu kile mwandishi wa jaribio alitaka kusikia. Kwa maoni yetu, huko ni kufanya mtihani ukiwa na majibu mfukoni. Ndiyo maana tunapendelea daftari lenye sheria zile zile za programu yenyewe, tarakimu pekee zikiwa za kubuni.

Lakini kuna jambo ambalo majaribio haya hayawezi kulitatua. Daftari la kwenye simu ni nakala. Hesabu halisi ya pesa zako iko kwenye kompyuta zetu kuu, na mtandao ukikatika, nakala hubaki nyuma. Ndiyo sababu unaweza kuona salio la zamani hata baada ya pesa kutoka.

Kwa hivyo kitufe kikiwa kijivu, usikimbilie kufunga programu na kuifungua upya ndio ubonyeze tena. Daftari la kwenye simu linaweza kuanza upya likiwa limesahau muamala unaosubiri. Ngoja ujumbe wa uthibitisho. Usipokuja, subiri mtandao urudi, kisha angalia salio na orodha ya miamala kabla ya kutuma tena. Kama pesa zimekatwa na fundi anasema hajaziona, wasiliana na huduma kwa wateja ukiwa na kiasi, saa na nambari uliyotumia. Nambari ya siri usimpe mtu, hata akisema anapiga kutoka kwetu.