Kishikausukani cha Umeme katika Mashua Ndogo ya Uvuvi: Uteuzi, Ufungaji na Istilahi Zake kwa Watumiaji wa Kiswahili wa Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua na kufunga kifaa cha umeme kinachoshika usukani wa mashua ndogo, na yanajadili istilahi za Kiswahili zinazohitajika katika maelezo hayo. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya kifaa kinachogusa usalama wa mtu haina budi kutaja kazi ambayo kifaa hufanya, bila kuahidi zaidi. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, yanatumika kama mahali pa kupimia istilahi hizo.

1.0 Utangulizi

Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo yanakaliwa pia na Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Katika Base Camp, chombo kimoja cha majini kina majina mengi: Mnyankole husema obwato, Mrundi na Mnyarwanda husema ubwato, Msomali husema doon, na Mkongo husema mtumbwi au pirogue. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao.

Ziwa Nakivale lenyewe ni dogo, lina kina kifupi na limezungukwa na mafunjo. Mvuvi anayepiga kafi humo hana haja ya usukani wa umeme. Hata hivyo, miongoni mwa wakazi wamo waliotoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 670 hivi, ambako wavuvi wa ndagala hukesha majini kwa taa na kurudi alfajiri wakiwa wamechoka. Fundi wa betri na umeme wa jua aliyejifunzia kazi Nakivale au katika jiji la Mbarara anaweza kesho kuitwa kufunga kifaa hiki Tanganyika au Viktoria. Maelezo yaliyo katika sanduku la kifaa kwa kawaida huwa ya Kiingereza au Kifaransa. Ni lazima awe na maneno ya kumweleza mvuvi.

2.0 Kifaa na Kazi Yake

Mwaka 1922 mhandisi Nicolas Minorsky alichapisha makala ya kihisabati kuhusu meli zinazojiongoza. Msingi wake ulikuwa yale ambayo mshika usukani hodari huyafanya kwa mazoea. Kwanza, huangalia omo imepotoka kiasi gani. Pili, huhisi inapotoka kwa kasi gani, akaanza kurudisha usukani kabla chombo hakijapitiliza. Tatu, hutambua iwapo upepo unasukuma upande mmoja muda wote, akauacha usukani umeinama kidogo.

Kifaa cha leo hufanya hayo matatu kwa viungo vitatu: dira ya umeme inayosoma uelekeo, kompyuta ndogo inayokokotoa, na mkono unaosukuma usukani au injini. Hakina kiungo cha nne. Hakioni wavu, gogo wala mtumbwi usio na taa.

3.0 Uteuzi

Jambo la kwanza ni uzito. Kifaa huchaguliwa kwa uzito wa mashua ikiwa na samaki, barafu, nyavu, mafuta na watu. Si kwa uzito wake ikiwa tupu ufukweni. Kinachotosha asubuhi kinaweza kuelemewa jioni.

La pili ni aina ya usukani. Mashua yenye kana hufungwa mkono mfupi unaoisukuma na kuivuta. Yenye gurudumu na waya huhitaji mota ya kuzungusha gurudumu; yenye usukani wa haidroliki huhitaji pampu. Kwa injini inayofungwa nyuma na kuongozwa kwa mkono, ni lazima kuhakikisha kwamba kifaa kimekusudiwa injini ya namna hiyo.

La tatu ni umeme. Vifaa vingi vya mashua ndogo hutumia volti 12. Kikitumia wastani wa ampea 2 kwa saa 8, kitakula ampea-saa 16, mbali na taa za kuvulia. Injini nyingi ndogo za kuvuta kwa kamba hazichaji betri. Hivyo paneli ya jua huhesabiwa katika gharama tangu mwanzo.

4.0 Ufungaji

Dira ya umeme huwekwa karibu na katikati ya mashua, ambapo mtikisiko ni mdogo, na mbali na chuma, spika, betri na injini. Umbali wa mita moja ni kiasi cha chini cha busara. Simu iliyolazwa kando yake inatosha kuipotosha. Mkono hufungwa kwenye ubao ulioimarishwa, kwa kuwa nguvu zote za wimbi hupitia skrubu hizo chache. Waya wa umeme huwekewa fyuzi karibu na betri.

Baada ya hapo mashua huzungushwa polepole katika maji matulivu ili dira ijirekebishe kulingana na chuma kilichomo chomboni. Mwisho, mvuvi anayekuwa peke yake hujifunga kamba ya kuzimia injini. Akianguka majini bila kamba hiyo, mashua itaendelea na safari kwa unyoofu kamili, ikimwacha.

5.0 Istilahi Tatu

5.1 Jina la kifaa. Rubani hapo awali alikuwa kiongozi wa chombo aliyejua miamba na vilango. Leo ni mwendesha ndege. Katika maana zote mbili rubani anaona. Kukiita kifaa hiki "rubani wa kujiendesha" ni kukipa macho kisiyokuwa nayo. Makala haya yanapendekeza kishikausukani, kwa kufuata muundo wa kinasasauti: kinashika, basi.

5.2 Uelekeo na njia. Kifaa kinaweza kushika uelekeo wa omo, au kikiunganishwa na GPS, kufuata njia juu ya maji. Tafsiri inayotumia "mwelekeo" kwa yote mawili huficha hatari. Mashua inayosukumwa ubavuni kilomita 1 kila saa itakuwa imehama kilomita 3 baada ya saa 3, ilhali dira inaonyesha kwamba hakuna kosa.

5.3 Kitufe cha kurudisha usukani. Kitufe kinachomrudishia binadamu usukani kikitafsiriwa neno kwa neno huwa "subiri". Mtu anayeona mtumbwi mbele yake hatabonyeza neno linalomwambia asubiri. Neno linalofaa ni "shika mwenyewe".

6.0 Hitimisho

Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hatua hizo zitakuwa na uzito zaidi iwapo lugha itamfikia fundi na mvuvi kazini. Istilahi za usukani hazihitaji kubuniwa upya zote. Kana, omo, dira na usukani zimo tayari, na kinachotakiwa ni kuzioanisha na vitufe. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndivyo ilivyo pia kwa mashua ambayo kitufe chake kimoja kina majina matatu, na kila aliyemo anajua moja tu.