Redio, simu na sauti ya 'p': Kiingereza kinavyofunzwa Dadaab

MTOTO wa Kisomali anayeanza Kiingereza katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, hukumbana na kikwazo ambacho kitabu pekee hakiwezi kukiondoa. Lugha ya mamake haina sauti za p, v wala z. Kwa hivyo 'pen' humtoka kinywani kama 'ben'.

Maandishi nayo humchanganya. Tangu 1972 Kisomali kimeandikwa rasmi kwa alfabeti ya Kilatini, lakini x huwakilisha h nzito ya kooni, na c ni ain ya Kiarabu. Akiona 'cat' au 'box', mtoto hulazimika kujifunza upya herufi alizodhani anazijua.

Makosa ya aina hii hurekebishwa kwa sikio na ulimi: mwanafunzi asikie, aseme, kisha aambiwe alipokosea. Anayetaka kupima chombo chochote cha kufundishia lugha na aanzie hapo.

Jambo lenyewe si dogo. Shule za kambini hufuata mtaala wa Kenya, na masomo mengi hutahiniwa kwa Kiingereza. Walimu nao ni haba kote Kaskazini Mashariki. Mwaka 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe mwezi Januari, Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo hilo.

Kenya iliwahi kubuni jibu moja. Kati ya 1980 na 1985, mradi wa Radio Language Arts, uliofadhiliwa na Marekani, ulifunza Kiingereza kwa redio kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu. Mbinu yake ilikuwa imejaribiwa katika somo la hesabu nchini Nicaragua miaka ya 1970.

Mtangazaji huuliza swali, kisha hunyamaza kwa sekunde chache. Darasa zima hujibu kwa sauti, halafu redio hutoa jibu sahihi. Ukimya huo mfupi ndio uti wa mgongo wa somo. Pasipo huo, redio huwa inahutubu tu.

Tatizo ni kwamba redio haina masikio. Mtoto akisema 'ben', itampongeza vivyo hivyo. Ndiyo maana mbinu hiyo humhitaji mtu mzima darasani, hata kama yeye mwenyewe si bingwa wa Kiingereza.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, walimu wa Dadaab walifunza kupitia Radio Gargaar, kituo cha jamii kilichoko huko huko. Watoto walisikiliza nyumbani, na mara hii hapakuwa na mwalimu kando yao.

Simu ya mkononi huziba sehemu ya pengo hilo. Mwanafunzi hurekodi sentensi moja na kuituma kwa WhatsApp. Mwalimu, awe Nairobi au Toronto, huisikiliza apatapo nafasi na kurudisha sauti yake. Si lazima wawili hao wawe mtandaoni kwa wakati mmoja, na gharama ni ndogo mno kuliko ya mazungumzo ya video.

Wanafunzi wa mradi wa BHER, ulioanza 2013 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi na viwili vya Kanada, York na British Columbia, walitegemea sana makundi ya WhatsApp kusaidiana masomoni. Hata hivyo, mara nyingi simu ya nyumbani ni moja, na haimo mikononi mwa binti.

Vifaa vya bei kubwa pia vipo. Wakfu wa Vodafone na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) walianza kupeleka vishikwambi katika shule za Dadaab mwaka 2014. Vinasaidia kusoma na kuongeza msamiati. Lakini mtoto anayegusa kioo bila kutamka neno atamaliza mwaka akiwa na 'ben' yake ile ile.

Kuna kifaa kingine kisichohitaji umeme. Mwanafunzi hushika kipande chepesi cha karatasi mbele ya midomo na kusema 'pen'. Karatasi ikipepea, amepatia. Ikitulia, amesema b. Maelezo hayo hutosha katika ujumbe wa sauti wa nusu dakika.