Utamu wa Jivuni

Nilipompigia simu mama wa mke wa mwanangu, kumwarifu kwamba likizo ya Agosti tutafika Namboboto na wajukuu watatu, hema moja na mbuzi, alishukuru sana. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza kama mbuzi huyo ni dume au jike. Nilitahayari, msomaji wangu. Mbuzi niliyoikusudia mimi ni ile ya mbao yenye ulimi wa chuma, ya kukunia nazi. Nayo ina miguu minne, lakini hailii. Kule Usamia mtu akisema aenda kwa wakwe na mbuzi, hakuna anayefikiria nazi. Ikanibidi nimweleze, naye akacheka hata simu ikakatika. Hata hivyo tulipofika nilinunua mbuzi wa kweli sokoni, maana mzaha wa simu haushibishi wakwe.

Namboboto iko Usamia, katika kaunti ya Busia, kusini ya mji wa Busia ukielekea Ziwa Viktoria. Sisi watu wa Mombasa twaijua Busia na Malaba kwa magari makubwa tu: shehena zashushwa Kilindini, zapita huko kuingia Uganda, nasi hatuulizi zaidi. Waliofika watakwambia kwamba ni nchi ya mihogo na mtama, wimbi na viazi vitamu, njugu na simsim, na vilima vyenye mawe ya chuma. Wasamia wa zamani wakiyayeyusha mawe hayo na kufua majembe. Ni watu waliozoeana na moto tangu kale.

Safari yenyewe ilikuwa na jambo ndani yake. Mke wa mwanangu alizaliwa Namboboto, akasilimu alipoolewa. Mama yake ni mtu wa kanisa, mjane, mwenye heshima zake. Wajukuu wanakaa Nairobi na wazazi wao, na miaka minne ilikuwa imepita hawajalala kwa nyanya yao huyo. Kila likizo palikuwa na udhuru: mara masomo, mara mvua, mara nauli. Neno la kweli halikusemwa na mtu, nalo lilikuwa juu ya sufuria. Wazazi waliogopa watoto watakula nini, na bibi mzee aliogopa wasile.

Mpango wa kupiga kambi ulikuwa wa mjukuu wangu mkubwa, msichana wa miaka kumi na mmoja, ambaye ni skauti shuleni kwao. Alitaka hema lisimame chini ya mwembe wa nyanya yake, moto uwashwe mbele yake, na baada ya chakula cha usiku watu wale kitu kitamu kilichopikwa hapo hapo na watoto. Kwa ajili hiyo alikuja na pakiti mbili za mashimelo, zile peremende laini kama pamba, nyeupe na za rangi ya waridi, ambazo huchomekwa kijitini zikaokwa juu ya kaa. Desturi hii yatoka Marekani. Mwaka 1927 maskauti wa kike wa huko walichapisha kitabu chenye maelezo ya kuzibana mashimelo za moto na chokoleti baina ya biskuti mbili. Kambi za skauti zenyewe zilianza mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, chini ya Baden-Powell, yule aliyefariki Nyeri mwaka 1941 na kuzikwa huko huko. Hivyo mtoto hakuwa na kosa. Alikuwa akifuata sunna ya maskauti.

Usiku wa kwanza tulipokwisha kula, aliniletea pakiti nimfungulie. Mimi nina tabia ya kusoma kila chenye maandishi, hata gazeti lililofungiwa mandazi. Nikamulika tochi, nikakuta neno: jelatini. Ya mnyama gani, hapakuandikwa. Sasa jelatini ni kitu kinachopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa, na aghalabu ni ya nguruwe au ya ng'ombe. Zipo mashimelo zilizotengenezwa kwa jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria, na pakiti zake huwa na muhuri. Hizi hazikuwa nao. Wanavyuoni wana maneno marefu juu ya istihala, yaani kitu kugeuka kikawa kitu kingine, na wako wanaoruhusu. Lakini sisi tuliosomea vyuo vya pwani, katika madhehebu ya Shafi, tumelelewa kuliacha lenye shaka tukashika lililo wazi.

La ajabu ni kwamba peremende hiyo kwa asili haikuwa na jelatini kabisa. Ilitengenezwa kwa utomvu wa mzizi wa mmea ambao Waarabu huuita khatmi. Wasomaji waliopitia milango ya janaza katika vitabu vya fiqhi watalikumbuka jina hilo, kwani khatmi hutajwa pamoja na majani ya mkunazi katika kuosha maiti. Mmea wa kusafishia ukawa wa kulambia, kisha mmea ukaondolewa likabaki jina. Niliyaeleza haya yote palepale kwa furaha ya mwalimu aliyepata ubao, hata nilipoinua macho nikamwona msichana analia, na wadogo zake wawili wamemkodolea macho.

Nyanya yao alikuwa ameketi upande wa pili wa moto. Akauliza polepole, "Basi, Mzee, na changu mimi pia watoto hawatakula?"

Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na sufuria mpya. Karatasi ya dukani ilikuwa ingali imebandikwa ubavuni. Alikuwa ameinunua wiki mbili kabla, asiipikie kitu chochote, akaifunika kwa kitambaa akitungoja. Wala hakumwambia mtu, hata binti yake. Kusema kweli niliona afadhali ardhi inifiche. Nilikuwa nimetoa darsa ya jelatini mbele ya mtu ambaye muda wote huo alikuwa ameketi na swali lake kifuani.

Nikamwambia, "Mama, tuonyeshe ulicho nacho. Tamu ya usiku huu utaichagua wewe."

Akataja: ndizi mbivu, njugu za msimu uliopita, simsim, sukari guru, viazi, mihogo. Mimi nilikuwa na nazi sita na iliki. Nikawaambia watoto waitafute haramu katika hesabu ile kama wataiona.

Tulianza na ndizi, kwa sababu ndizi hazina ufundi na watoto walikuwa wamechoka kungoja. Chagua ndizi nene zilizoiva hata zikaanza madoa. Usizimenye. Mtoto apasue ganda upande mmoja kwa urefu, kisu kisitokee chini, afungue kidogo kama mfuko, atie sukari guru iliyokwanguliwa na simsim iliyokaangwa, kisha afunge kwa ukanda wa gome kavu la mgomba uliolowanishwa maji. Zifukiwe katika jivu la moto kando ya makaa, wala si katika mwako. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanapika juu ya ndimi za moto, ganda laungua na ndani kungali kubichi. Ngoja moto utulie. Baada ya kama dakika kumi ganda huwa jeusi tititi, na sukari imeyeyuka ikaingia ndizini. Huliwa kwa kijiko, ganda likiwa ndilo bakuli. Mdogo wao wa miaka sita alisema bismillahi kwa sauti kubwa, na nyanya yake akaitika amina. Hakuna aliyemsahihisha yeyote kati yao.

Usiku wa pili zamu ilikuwa ya kashata, nami nikajitia kidomodomo kwamba kashata ni kazi ya mtu wa pwani. Kipimo ni rahisi: vikombe viwili vya njugu zilizokaangwa na kupetwa maganda, kikombe kimoja cha sukari guru iliyopondwa, vijiko vitatu vya maji na iliki ya kutosha kunukia. Sukari guru ya Magharibi ya Kenya ni tofauti na sukari nyeupe ya kiwanda. Hutoka katika maji ya miwa yaliyochemshwa hata yakaganda, ina harufu ya moshi na rangi ya ardhi, na kwa kashata naipendelea kuliko ile nyeupe. Niliiteleka katika ile sufuria mpya juu ya mafiga matatu. Kisha nikaanza kuwasimulia watoto habari za Ramadhani za udogo wangu, Mji wa Kale, masinia ya kashata yakipitishwa baada ya tarawehe. Hadithi ilikolea. Na sukari ikaungua. Moshi ulipanda mchungu, na sufuria ya bibi wa watu ikawa nyeusi kama ganda la ndizi ya jana.

Sikujua niseme nini. Yeye akaiepua, akaitia maji na jivu, akaanza kusugua kwa kitambi cha gunia, akicheka kimya kimya. "Sasa imekuwa sufuria ya nyumbani," alisema. Akaiteleka tena, safari hii yeye akishika mwiko na mimi nimekatazwa kuhadithia. Alidondosha tone katika kikombe cha maji baridi. Lilipoganda likavunjika kwa kidole, akasema bado kidogo, akangoja, kisha akamwaga njugu. Tukaitandaza kashata juu ya jani la mgomba lililopitishwa motoni, tukaikata ingali na joto.

Mzazi utakayejaribu, hapa sikiliza. Watoto na wapondeponde, wapete njugu, watandike jani, wakate. Kumwaga ni kwako wewe mkubwa. Sukari iliyoyeyuka hupita joto la maji yanayochemka, tena hunata ngozini, na haiachi mkono upesi kama maji.

Mihogo iligojwa mpaka usiku wa tatu. Mjukuu wa kiume, miaka tisa, alitaka kwenda kung'oa mwenyewe, akapigwa marufuku. Busia hupandwa mihogo mitamu na mihogo michungu, na ile michungu ina sumu ya sayanidi. Huvundikwa, ikakaushwa na kusagwa pamoja na mtama au wimbi kuwa unga wa ugali. Haichomwi jivuni ikaliwa. Bibi anajua kila shina shambani mwake kama mwalimu ajuavyo wanafunzi wake, akamwonyesha mvulana lipi ni la kung'oa na lipi la kuachwa.

Ndipo mbuzi yangu ikapata kazi. Mvulana alipanda juu yake kama farasi, akakuna nazi hata akakuna na kucha. Msichana akakamua, tui zito akaliweka kando na jepesi likatangulia kuchemshia muhogo. Ulipolainika tulitia sukari na iliki, tukamalizia kwa tui zito tukikoroga bila kusita, lisije likakatika. Nyanya yao alikuwa hajawahi kula muhogo wa nazi. Alionja, akafikiri, akaniambia ni mzuri ila sisi watu wa pwani twapenda sukari mno. Kisha akaongeza sahani.

Pakiti za mashimelo tulirudi nazo Nairobi hazijafunguliwa. Hakuna aliyeziulizia. Nilichoulizwa njiani, kabla hata ya kufika Kisumu, ni Disemba iko mbali kiasi gani, na kama kashata zilizofungwa katika jani zaweza kuliwa sasa hivi au ni za mama.

Mbuzi tuliiacha. Bibi aliiomba mwenyewe, nami sikuuliza ataikunia nini. Wiki iliyopita binti yake alinieleza: huketia jikoni akichambua mboga, na kila jirani anayeingia huelezwa kwamba huyu ndiye mbuzi aliyeletwa na wakwe kutoka Mombasa.